Kusoma plazma kabla ya kupaka: mwongozo kamili wa spataringi ya mapigo kwa tando nyembamba

Mashine ya spataringi, yaani ya kupaka utando mwembamba kwa kung'oa atomi kwenye kipande cha metali, ina kioo kinachoonyesha namba: wati, volti, ampea, shinikizo, dakika. Wanafunzi wengi huziandika kwenye daftari na kuamini kwamba kazi yao wameshaieleza. Kisha utando unatoka na rangi ya moshi, au unabanduka kwenye kioo, au leo unakuwa mzuri na wiki ijayo mbaya kwa mipangilio ileile. Utando hauumbwi na namba za mashine. Unaumbwa na atomi, ioni na elektroni zinazoufikia, pamoja na nishati zinazokuja nazo. Hayo hupimwa ndani ya plazma yenyewe, ile gesi inayong'aa iliyojaa ioni na elektroni.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye chemba ndogo ya utafiti, ya aina ambayo maabara za fizikia za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Nairobi zimeitumia kwa tando za nishati ya jua. Nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: oksaidi ya alumini kutoka kwenye tageti (bamba linalong'olewa atomi) ya alumini yenye kipenyo cha milimita 50. Nimeichagua kwa sababu ni korofi. Anayeimudu hii hasumbuliwi sana na oksaidi ya titani wala ya zinki.

Mapigo yanatibu ugonjwa gani

Katika spataringi, hewa hutolewa kwenye chemba, gesi ya agoni kidogo huingizwa, na tageti hupewa volteji hasi ya mamia ya volti. Ioni za agoni huvutwa na kuigonga, atomi za alumini hung'oka, na baadhi yake hutua kwenye sampuli. Sumaku zilizo nyuma ya tageti huzuia elektroni zisikimbie, ndiyo maana magnetroni, yaani tageti pamoja na sumaku zake, inafanya kazi hata shinikizo likiwa dogo sana. Mwanasayansi wa Wales William Grove aliona dalili za jambo hili mwaka 1852. Magnetroni bapa tunayoitumia leo ilikuja miaka ya 1970.

Ukiongeza oksijeni ili upate oksaidi, uso wa tageti nao unaoksidika, hasa pembeni mwa njia ya mmomonyoko (mfereji ambao ioni huuchimba usoni mwa tageti), mahali ambapo ioni hazigongi kwa nguvu. Oksaidi hiyo haipitishi umeme. Chaji chanya ya ioni hulundikana juu yake hadi inapotobolewa na cheche. Kila cheche hurusha matone ya alumini iliyoyeyuka, na matone hayo ndiyo vidoadoa unavyoviona kwenye hadubini.

Muda unaopita kabla ya kutoboka unaweza kuukadiria mwenyewe. Chukua permitiviti ya oksaidi (kipimo cha jinsi inavyohifadhi chaji ndani ya uga wa umeme), zidisha kwa nguvu ya uga inayoitoboa, gawanya kwa msongamano wa mkondo wa ioni. Kwa oksaidi ya alumini permitiviti linganifu, yaani ikilinganishwa na ya ombwe, ni takriban 9, na uga wa kutoboa tuuchukulie kuwa volti milioni 1 kwa sentimita. Tageti yetu ina eneo la takriban sentimita za mraba 20. Kwa mkondo wa ampea 0.4 tunapata miliampea 20 kwa kila sentimita ya mraba. Jibu ni takriban mikrosekunde 40. Angalia kwamba unene wa oksaidi haumo kwenye hesabu: utando mnene huhitaji volti nyingi zaidi kutoboka, lakini pia kwa chaji ileile volteji yake hupanda haraka zaidi, na mambo hayo mawili yanafutana.

Kwa hiyo ukiweza kuikatiza volteji kabla ya mikrosekunde 40 kwisha, na kuigeuza kuwa chanya kidogo ili elektroni zije kuifuta chaji, cheche haipati nafasi. Elektroni ni nyepesi na zina kasi, hivyo mapumziko ya mikrosekunde 2 au 3 hutosha. Kukatiza huko kwa kurudiarudia ndiko kunakoitwa mapigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Siegfried Schiller kule Dresden, Ujerumani, lilikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba njia hii inafanya oksaidi hizi zipakike kwa saa nyingi bila kukatishwa na cheche. Mkondo haujasambaa sawasawa usoni mwa tageti. Kwenye njia ya mmomonyoko na kingo zake unaweza kuwa mara kadhaa ya wastani. Ndiyo sababu napendekeza uanze na frikwensi ya kilohezi 100 na mapumziko ya mikrosekunde 2. Tageti inabaki hasi kwa mikrosekunde 8 tu kila mzunguko, na hapo una akiba ya kutosha.

Hatua ya 1: Ombwe, gesi na usalama

Shusha shinikizo hadi paskali 10⁻⁴ au chini yake kabla ya kufungua agoni. Kwenye paskali 10⁻⁴, molekuli za gesi iliyobaki, nyingi zikiwa mvuke wa maji, zinatosha kuufunika uso safi kwa tabaka moja ndani ya sekunde chache. Ukipaka polepole katika ombwe baya, unapaka maji pamoja na alumini. Huku pwani, chemba ikikaa wazi kwenye unyevunyevu kwa saa moja, italipiza kwa saa kadhaa za kupampu. Ifungue kwa nitrojeni kavu, ifunge haraka.

Kazi yenyewe tuifanye kwenye agoni ya paskali 0.5, sampuli ikiwa milimita 80 kutoka kwenye tageti. Kwenye shinikizo hilo atomi ya agoni husafiri wastani wa milimita 13 kabla ya kugonga nyingine, yaani migongano sita hivi njiani. Ukipandisha hadi paskali 2 migongano inakuwa zaidi ya ishirini, atomi zinafika zimechoka, na utando unakuwa na vinyweleo.

Usalama hauna mjadala. Ugavi wa umeme wa mapigo una kapasita zinazoweza kuua hata baada ya swichi kuzimwa. Subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha gusisha fimbo ya ethi kabla ya kuweka mkono. Maji ya kupoza yawe na kihisi kinachokata umeme mtiririko ukipungua. Pampu ya rotari inayovuta gesi yenye oksijeni nyingi isiwe na mafuta ya kawaida ya madini, kwa sababu yanaweza kushika moto. Tumia mafuta ya florini. Na kwa kuwa umeme hukatika, vali kati ya chemba na pampu ya tabo (ile ya mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa) iwe ya kujifunga yenyewe umeme ukiondoka, la sivyo mvuke wa mafuta utarudi ndani ya chemba.

Hatua ya 2: Osiloskopu kabla ya kitu kingine chochote

Kama fedha zako zinatosha kifaa kimoja tu, nunua osiloskopu (kifaa kinachochora jinsi volteji inavyobadilika kwa muda) yenye probu ya volteji kubwa na kihisi cha mkondo cha kuvisha kwenye waya. Viunganishe karibu na magnetroni kadiri inavyowezekana, si upande wa ugavi. Kebo ndefu ina induktansi na kapasitansi yake, na pigo linalotoka kwenye ugavi likiwa na pembe safi linaweza kuifikia tageti likiwa limepinda na kuyumbayumba.

Washa kwa agoni tupu, wati 100, shata (kifuniko kinachoikinga sampuli) ikiwa imefungwa. Tazama mambo matatu. Kwanza, volteji hasi inafika wapi na inachukua muda gani kutulia. Pili, wakati wa mapumziko volteji inakwenda chanya kiasi gani. Kwa kawaida ni sehemu ya kumi hadi ya tano ya ile hasi, na mwanzoni huruka juu zaidi kwa nukta fupi. Mruko huo uandike, utauhitaji baadaye. Tatu, mkondo unaanza lini baada ya volteji. Ukichelewa, plazma ilikuwa imekaribia kufa wakati wa mapumziko na inahitaji kuwashwa upya kila mzunguko. Punguza mapumziko.

Kisha zidisha volteji kwa mkondo nukta kwa nukta, utafute wastani, na ulinganishe na wati zinazoonyeshwa na ugavi. Tofauti ya asilimia chache ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, usiendelee. Aidha kihisi chako kimekosewa upimaji, au nguvu inapotelea kwenye kebo, na ripoti yoyote utakayoandika itakuwa na wati zisizo za kweli.

Sasa tuchore mchoro ambao ningeutaka kwenye kila tasnifu ya oksaidi. Ukiwa na wati zilezile, ongeza oksijeni kidogo kidogo, ukingoja dakika mbili kila hatua, na uandike volteji ya tageti na shinikizo. Mwanzoni volteji haibadiliki sana: kila oksijeni inayoingia inamezwa na alumini mpya kwenye kuta. Halafu, kwa nyongeza ndogo tu, volteji inaporomoka, mathalani kutoka zaidi ya volti 400 hadi chini ya 300, na shinikizo linaruka. Tageti imepata sumu, yaani uso wake umefunikwa na oksaidi. Oksaidi ya alumini hutoa elektroni nyingi zaidi kuliko alumini inapogongwa na ioni, ndiyo maana volteji hushuka. Anza kupunguza oksijeni na utaona kwamba haitarudi pale ilipoangukia. Inabidi ushuke chini zaidi. Pengo hilo ndilo histeresisi, na Sören Berg wa Uppsala, Sweden, ndiye aliyeliwekea hesabu inayotumika hadi leo. Utando unaotakiwa uko ndani ya pengo: upande wa metali unapata alumini isiyooksidika vya kutosha, na upande wa sumu unapaka kwa mwendo wa konokono.

Hatua ya 3: Usome mwanga

Plazma inatoa mwanga, na kila elementi ina mistari yake. Spektromita ndogo ya nyuzi za kioo, kifaa kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa mawimbi yake, inatosha. Kwa alumini tazama nanomita 394.4 na 396.2; kwa agoni 750.4 na 811.5, kwa oksijeni 777.4 na 844.6. Mistari ya alumini unayoihitaji inapita kwenye dirisha la kioo cha kawaida, lakini ukitaka kuona chini ya nanomita 320 hivi itabidi uwe na dirisha la kwazi.

Kabla ya kuingiza oksijeni, tumia mwanga kutafuta uvujaji. Hidrojeni kwenye 656.3 inaashiria maji. Nitrojeni kwenye 337.1 au 391.4 inaashiria hewa. Hapa kuna mtego: wanaotafuta maji kupitia bendi ya OH (kipande cha molekuli ya maji) karibu na nanomita 309 hudanganywa na alumini yenyewe, ambayo ina mistari yake kwenye 308.2 na 309.3. Mwenye tageti ya titani ana mtego wa pili, kwani ioni ya titani hung'aa kwenye 337.3, jirani kabisa na nitrojeni. Usiamini mstari mmoja. Dai angalau miwili ya elementi ileile kabla ya kutoa hukumu.

Mwanga ndio utakaokushika mkono ndani ya pengo la histeresisi. Katika agoni tupu, andika nguvu ya mstari wa 396.2 na uiite 100. Katika sumu kamili andika tena. Hiyo ndiyo sakafu. Kisha unganisha kidhibiti cha oksijeni na mrejesho wa mstari huo: mwanga ukipanda, oksijeni inaongezwa, ukishuka, inapunguzwa. Vali lazima ijibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na bomba la oksijeni liishie karibu na tageti, kwa sababu bomba refu huchelewesha habari na mfumo unaanza kuyumba. Kwa jaribio la kwanza shika kiwango cha 50, kisha 40, 30 na 25, ukipaka kipande kimoja cha kioo kila mara. Vya mwanzo vitakuwa na kijivu au kahawia. Mahali kijivu kinapotoweka ndipo mlango wa Al₂O₃, yaani oksaidi kamili ya alumini, ulipo.

Dirisha linalotazama plazma litapakwa pia, na mwanga utapungua siku hata siku bila plazma kubadilika. Weka mrija mrefu mwembamba mbele ya dirisha ili atomi ziishie kwenye kuta zake. Pia tumia uwiano wa alumini kwa agoni badala ya nguvu ya mstari mmoja, kwa kuwa uchafu wa dirisha hupunguza yote mawili, ingawa si sawasawa kabisa kati ya urujuani na wekundu.

Hatua ya 4: Probu ya Langmuir

Irving Langmuir na Harold Mott-Smith waliiweka njia hii katika sura yake miaka ya 1920, na bado hakuna kifaa cha bei nafuu kinachoeleza mengi kama hiki. Ni waya mmoja ndani ya plazma. Unaupa volteji, unapima mkondo.

Tengeneza hivi. Chukua waya wa tungsteni wa kipenyo cha milimita 0.2, uingize kwenye kibomba cha seramiki ya alumina, uache milimita 10 tu nje. Hakikisha waya haugusi ukingo wa seramiki, kwa sababu metali itakayojipaka juu ya seramiki ikiuunganisha na waya, eneo la probu linakua bila wewe kujua. Njia nzuri ni kutumia vibomba viwili, chembamba ndani ya kinene, chembamba kikiwa kimerudi nyuma kidogo, ili pabaki kivuli ambacho atomi hazifiki. Iweke mahali sampuli itakapokaa, waya ukiwa umekatiza mistari ya sumaku badala ya kuifuata. Karibu na tageti, uga ukifika militesla 50, elektroni ya eV 3 (elektroni-volti, kipimo cha nishati) huzunguka kwa nusu kipenyo cha milimita 0.1 hivi, sawa na waya wenyewe, na hesabu za kawaida hazifai tena. Mbali kidogo, kwenye militesla 5, mzunguko ni zaidi ya milimita 1 na unaweza kupumua.

Anza na mkondo wa moja kwa moja usio na mapigo, agoni tupu. Pandisha volteji ya probu kutoka −50 hadi +30, ukipima mkondo kupitia rezista ya omu 100. Utapata mchirizi wenye sehemu tatu. Kushoto kabisa ni mkondo mdogo wa ioni. Katikati mkondo wa elektroni unapanda kwa kasi. Kulia unainama. Mahali mkondo unapokuwa sifuri ni volteji ya kuelea, yaani ile ambayo kioo kisichounganishwa popote kingejipatia. Mahali mchirizi unapoinama ni volteji ya plazma. Itafute kwa kilele cha mteremko, si kwa macho.

Kwa joto la elektroni, ondoa mkondo wa ioni, chora logi asilia ya mkondo wa elektroni dhidi ya volteji, na upime mteremko wa sehemu iliyonyooka. Kinyume cha mteremko huo ni joto katika eV. Tuseme umepata 3, na mkondo kwenye volteji ya plazma ni miliampea 3. Eneo la waya wetu ni mita za mraba 6.3 × 10⁻⁶. Wastani wa mtiririko wa elektroni za eV 3 kuelekea uso mmoja ni sawa na mwendo wa mita 2.9 × 10⁵ kwa sekunde. Gawanya mkondo kwa eneo, mwendo na chaji ya elektroni: msongamano ni takriban 10¹⁶ kwa mita ya ujazo. Hiyo ni namba ya kuaminika kwa magnetroni ndogo.

Usiondoke bila kukagua. Katika agoni, kama elektroni zina mgawanyo wa kawaida, tofauti kati ya volteji ya plazma na ya kuelea inapaswa kukaribia mara 5.2 ya joto la elektroni. Kwa eV 3 ni volti 15 na nusu. Ukipata 8 au 30, kuna kitu: probu imechafuka, elektroni zina makundi mawili ya joto, au umekosea kuondoa mkondo wa ioni. Kagua pia kwa kupandisha volteji kisha kuishusha. Michirizi miwili isipolaliana, uso wa waya una oksaidi. Usafishe kwa kuupa volteji chanya hadi waya uwake mwekundu kwa sekunde chache, kisha urudie. Ndani ya plazma yenye oksijeni itabidi ufanye hivyo mara nyingi, pengine kabla ya kila kipimo.

Mkondo wa ioni nao hauna budi kutajwa. Kwa plazma hiyohiyo nadharia inatoa mikroampea 16 tu, mara mia na zaidi chini ya elektroni. Utakachopima kitakuwa kikubwa zaidi, maana maganda ya chaji yanayouzunguka waya mwembamba hupanuka volteji inapozidi kuwa hasi. Msongamano unaokokotolewa kwa ioni bila masahihisho huwa juu kupita kiasi.

Hatua ya 5: Kupima ndani ya pigo

Sasa rudisha mapigo. Mchirizi wa wastani uliochukuliwa polepole juu ya plazma inayopiga mara 100,000 kwa sekunde hauna maana. Unachanganya plazma mbili tofauti, ile ya wakati tageti ni hasi na ile ya mapumziko. Njia sahihi ni ya subira. Iweke probu kwenye volteji moja isiyobadilika, ianzishe osiloskopu kwa ishara ya pigo la tageti, na urekodi mkondo kwa mzunguko mzima, ukichukua wastani wa mamia ya mapigo. Songa volti 1, rekodi tena. Ukimaliza volti zote, panga data upya: kwa kila nukta ya muda una mkondo kwa kila volteji, yaani mchirizi kamili wa Langmuir wa nukta hiyo.

Kishawishi kikubwa ni kuiacha probu ielee na kusoma volteji ya kuelea moja kwa moja kwenye osiloskopu. Usifanye hivyo kwenye kilohezi 100. Mita moja ya kebo ya koaksi ina takriban pikofaradi 100, na chaji chanya ya kuijaza inatoka kwenye mkondo wa ioni, zile mikroampea 16. Kupanda volti 1 tu kunachukua mikrosekunde 6, wakati mzunguko mzima ni mikrosekunde 10. Utaona mchirizi laini wa kupendeza usio na ukweli wowote. Volteji ya kuelea itoe kwenye michirizi uliyoipanga.

Kuna mambo mawili ya kutafuta. Joto la elektroni hupanda ghafla tageti inapogeuka hasi tena, kwa sababu ganda la chaji linapotanuka linazirusha elektroni mbele. Na wakati wa mapumziko, volteji ya plazma hupanda hadi juu kidogo ya volteji chanya ya tageti, kwani plazma siku zote hukaa volti chache juu ya elektrodi iliyo chanya kuliko zote. Hapo ndipo ule mruko ulioandika kwenye Hatua ya 2 unapata maana. Tageti ikiwa kwenye +40 na kishikio cha sampuli kimeunganishwa na ethi, ioni zinaugonga utando kwa zaidi ya eV 40 kila mzunguko, ilhali kwa sampuli inayoelea wakati wa sehemu hasi zilikuwa na 15 hivi. Nishati ya eV makumi huubana utando na kuondoa vinyweleo. Ikipita kiasi huleta mkazo unaoubandua. Hili lina uzito kuliko wati unazoandika kwenye ripoti, na linabadilika kwa kugeuza mapumziko kutoka mikrosekunde 1 hadi 3 bila wati kubadilika hata kidogo.

Hatua ya 6: Kupaka

Safisha kioo kwa sabuni ya maabara, maji yaliyosafishwa, asetoni, kisha isopropanoli, ukikaushe kwa nitrojeni. Weka pia kipande cha silikoni kando yake. Oksaidi ya alumini na kioo vina vipeo vya kupinda mwanga vinavyokaribiana, hivyo mawimbi ya mwingiliano kwenye kioo huwa hafifu. Kwenye silikoni yanaonekana wazi na ndiyo yatakayokupa unene. Bandika mkanda wa poliimidi ukingoni ili upate ngazi ya kupima.

Ondoa probu. Shata ikiwa imefungwa, choma tageti kwa agoni tupu hadi volteji na mstari wa 396.2 vitulie, dakika kumi au zaidi kama chemba ilikuwa wazi. Ingiza oksijeni kwa mrejesho hadi kiwango ulichochagua, ngoja dakika tano, hesabu cheche ambazo ugavi unaziripoti. Zikiwa zinaongezeka kadiri muda unavyokwenda, punguza muda wa sehemu hasi kabla hujafungua shata. Kisha fungua. Rekodi volteji, mkondo, shinikizo, mtiririko wa oksijeni na mwanga kila sekunde hadi mwisho, kwa kompyuta.

Hatua ya 7: Kama una ugavi wa HiPIMS

Mwaka 1999 Vladimir Kouznetsov na wenzake kule Linköping, Sweden, waliripoti njia ambayo sasa huitwa HiPIMS: mapigo mafupi yenye nguvu kubwa mno, hadi kilowati 2.8 kwa sentimita ya mraba, yakitenganishwa na mapumziko marefu ili tageti isiyeyuke. Takriban asilimia 70 ya shaba iliyofika kwenye sampuli ilikuwa ioni. Katika magnetroni ya kawaida karibu yote ni atomi zisizo na chaji, na atomi isiyo na chaji huwezi kuiongoza kwa volteji.

Kwa tageti yetu, wastani wa wati 100 kwa mapigo 200 kwa sekunde ni juli 0.5 kwa pigo. Pigo likiwa la mikrosekunde 50, nguvu ndani yake ni kilowati 10, yaani wati 500 kwa sentimita ya mraba. Anza kwenye agoni tupu na upandishe volteji taratibu ukitazama umbo la mkondo. Mkondo ukifika kilele kisha ukashuka, gesi mbele ya tageti imepungua kwa joto na kwa upepo wa atomi zinazong'oka. Ukiendelea kupanda bila kuinama hadi mwisho wa pigo, fupisha pigo.

Kwenye mwanga, linganisha ioni ya alumini ya nanomita 466.3 na atomi ya 396.2; uwiano ukipanda, sehemu ya ioni inapanda. Probu ya milimita 10 usiitumie hapa. Msongamano ukifika 10¹⁸ mkondo wa elektroni ungekaribia ampea 0.3 na kuivuruga plazma unayoipima. Kata waya hadi milimita 2 au 3, wa kipenyo kidogo zaidi. Jiandae pia kwa upakaji wa polepole kuliko wa kawaida kwa wastani uleule wa wati, kwa kuwa sehemu ya ioni za alumini huvutwa kurudi kwenye tageti. Kwa dirisha la kawaida la kuakisi mwanga nisingeitumia HiPIMS. Kwa utando unaotakiwa kuingia kwenye mashimo yenye kina au kuhimili msuguano, ningeanza nayo.

Hatua ya 8: Ukague utando dhidi ya plazma

Pima unene kwenye ngazi ya mkanda, kisha kipeo cha kupinda mwanga kwenye silikoni. Utando wa Al₂O₃ uliobanwa vizuri bila kupashwa joto huwa kati ya 1.6 na 1.7 katika mwanga wa kijani. Yakuti safi ni 1.77. Kipeo kikiwa chini ya 1.6 na kioo ni angavu, una vinyweleo: rudi kwenye volteji ya plazma na shinikizo, ongeza nishati ya ioni kwa kuongeza mapumziko au kuunganisha kishikio na ethi. Ukiwa na kijivu, tatizo ni oksijeni: shusha kiwango cha mwanga. Ukibanduka siku ya pili au ya tatu, mkazo umezidi: punguza nishati, au pandisha shinikizo kidogo. Vipimo vya eksirei visipoonyesha kilele chochote usishtuke, kwa sababu oksaidi hii haijipangi kuwa fuwele kwenye joto la chumba.

Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio, na kila unapobadilisha, pima tena volteji ya plazma mahali pa sampuli kabla ya kufungua shata.